Kiatu cha Kushoto cha Mama Duka

Kibandani kwangu, 2 Machi

Mpwa wangu, Bibi Mwenyekiti wa wapanda mlima,

Huu ni mwaka wa arobaini na nne nashona viatu, na hakuna kiatu hata kimoja kilichotoka mikononi mwangu kikarudi kulalamika.

Haya, usinune. Vimerudi. Cha karani wa mahakama kilirudi mara tatu, na mara ya tatu kiliingilia dirishani. Lakini mtu akianza barua kwa kusema ukweli, ukurasa wa pili ataujaza na nini?

Salamu kwanza. Mimi mzima, ni magoti tu yanayolalamika kwa niaba ya mwili wote. Mama yako mdogo hajambo, isipokuwa lile jino. Kila siku anasema kesho anakwenda kuling'oa, na kesho ikifika anasema limetulia. Sasa imetimia miezi saba. Wameshazoeana, na siku wakiachana itabidi tukae matanga. Kinyozi, jirani yangu wa ukuta mmoja, anakusalimu. Huwa namwazima barua zako azisome, maskini hana ndugu wa kumwandikia. Anasema mwandiko wako ni mdogo mno, kama mchwa wamepita na mizigo. Si mimi ninayesema, ni yeye. Ukiandika tena, andika kubwa, kwa kalamu nene. Macho yanamsumbua mwenzangu.

Sasa mzigo wenu. Gunia nimemkabidhi dereva wa basi la asubuhi, jozi kumi na mbili, za wanawake kumi na wawili wenye akili timamu wanaotaka kwenda kulala mlimani kwa hiari yao. Ulisema soli za zamani ziliteleza, basi nimeweka mpya, nene, zenye meno. Kila moja nimeipaka gundi, nikaiacha ilale, kisha nikaizungushia mshono wa uzi wa nta. Hesabu mishono ukitaka. Vile vikubwa kuliko vyote, vya huyo mnayemwita Mama Duka, nimevimaliza leo dereva akinipigia honi mlangoni.

Hali ya hewa msiwe na wasiwasi. Goti langu la kulia linasema jua, Jumamosi na Jumapili.

Wasalimie wanao.

Mjomba wako,
Fundi

*

21 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimeandika kubwa kama ulivyoagiza. Mpe Kinyozi pole ya macho.

Huku tunaendelea. Mwanangu mkubwa amefaulu mtihani wa udereva, mdogo amefaulu kula na kulala. Kazini wamenibadilishia mtaa, sasa nasoma mita za maji za upande wa juu, ambako kila mita ina mbwa wake. Mama mdogo mwambie aling'oe hilo jino, hata mimi limeanza kuniuma.

Gunia lilifika salama. Wanawake waliviparamia viatu kama vya bure, na kweli vilikuwa vya bure. Mama Duka alivivaa siku mbili mfululizo dukani kwake, anapima sukari ndani ya viatu vya mlima, anamwambia kila mteja, "Tazama miguu yangu, usitazame bei."

Goti lako lilitudanganya, Mjomba. Jumamosi tulianza na jua la kuchoma utosi. Saa sita likaja wingu jeusi, halafu mvua ya mawe, tukajibana kumi na wawili chini ya mwamba wa watu watano. Robo saa baadaye jua tena, nguo zinafuka moshi mwilini. Tukacheka. Tulilala kwenye banda la bati la walinzi wa msitu, tukipiga soga mpaka mwenzetu Muuguzi akatutishia sindano.

Jumapili tuliamka na ukungu. Muuguzi alisema tushukie njia ya chini, ya msituni. Mimi nikasema hapana, tupite mgongoni mwa mlima kama tulivyopanga, ukungu utapanda. Nilitaka waone. Mwaka ule baba watoto alipoondoka, nilipokuwa silali wala sitoki nje, mahali pale ndipo nilipokaa nikapata pumzi yangu. Nilitaka kila mmoja wao akae pale.

Ukungu haukupanda. Ulifunga mpaka nikawa simuoni mtu wa tatu nyuma yangu. Tuna utaratibu wetu: napuliza filimbi, halafu kila mtu anaita namba yake. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Nikapuliza. Nne, tano, sita. Saba haikuitika. Nikapuliza tena. Sita akaita tena, saba hakuna.

Namba saba ni Mama Duka. Aliteleza kwenye mteremko wa mawe, akaangukia mkono wa kulia. Umevunjika mahali pawili. Tulimshusha kwa saa tano, amelala kwenye shuka, anatuomba radhi njia nzima kwa uzito wake.

Ni hayo tu. Aliteleza.

Tumeitana mkutano mwezi ujao.

Mpwa wako

*

2 Aprili

Mpwa wangu,

Pole. Pole sana, nawe wape pole wenzako. Goti langu nimelikaripia mbele ya mashahidi.

Hapa ni heri. Mama yako mdogo alifika mpaka mlangoni kwa daktari wa meno, akasoma kibao, akarudi. Anasema jina la daktari halikumpendeza. Kinyozi amenunua kioo kipya, sasa wateja wanajiona vizuri na wameanza kulalamika.

Kuhusu huyo Mama Duka, usijibebeshe mzigo. Mwili kama ule ukianza safari ya kwenda chini, hata mlima unapisha. Kinyozi amecheka hapo mpaka amemkata mteja sikio, kidogo tu.

Lakini nauliza. Aliteleza kwa nini? Wamepita sita mbele yake kwenye mawe yale yale. Nauliza kama fundi, si kitu kingine. Viatu vilikuwaje? Vilishika? Wewe mtu wa mita, unaandika tarakimu zote na nukta zake. Barua yako ilikuwa na mvua ya mawe, banda, shuka na filimbi. Viatu havikuwamo.

Basi, nijibu ukipata nafasi. Usipopata, si neno.

Mjomba wako

*

11 Mei

Shikamoo Mjomba,

Samahani nimekawia. Nilianza barua mbili, nikazichana.

Watoto wazima. Mbwa wa mtaa wa juu wameanza kunizoea isipokuwa mmoja, ambaye amekula kitabu changu cha mita, kurasa za Aprili zote. Mkubwa wa ofisi ameniuliza kama nina ushahidi. Nikamwambia mbwa yupo.

Mkutano tuliufanya chumba cha nyuma dukani kwa Mama Duka, tumekalia magunia. Yeye alikaa juu ya kreti la soda, mkono umefungwa shingoni. Muuguzi alisema, "Nilikwambia njia ya chini." Nikasema, "Uliniambia." Akasema, "Mbele ya watu wote." Nikasema, "Mbele ya watu wote." Mwenzetu mmoja, mshona nguo, akasema mumewe amemkataza kutoka tena na kundi lisilo na kichwa. Mama Duka akasema, "Jamani, mimi nilianguka mwenyewe, hakuna aliyenisukuma." Wakamnyamazisha, wakisema ana moyo mzuri kupita kiasi.

Wakauliza kama kulikuwa na sababu nyingine yoyote. Nikasema hapana. Nikasema ni mimi niliyechagua njia. Nikavua filimbi shingoni nikaiweka juu ya mizani ya sukari, kwa kuwa ndiyo ilikuwa karibu. Mshale wa mizani haukusogea hata kidogo. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza.

Hakuna aliyeichukua filimbi. Hawajamchagua mwingine. Kundi halijatoka tangu siku ile, na Jumamosi nashinda nimekaa ndani kama mwaka ule.

Viatu vyote vilikuwa vizuri. Usiniulize tena kuhusu viatu.

Mpwa wako

*

24 Mei

Mwanangu,

Salamu sina. Mama yako mdogo hajambo, jino lipo.

Jumanne dereva wa basi aliniletea kifurushi. Ndani mlikuwa na kiatu kimoja, cha kushoto, kikubwa, hakina soli. Na karatasi. Kinyozi alikuwa anamnyoa mtu na wawili wamekaa foleni. Akasema, "Lete nikusomee." Nikampa. Sikujua ni ya nani, ningejua ningeila.

Nakuandikia maneno yake jinsi yalivyoniingia, kwa sababu hayatoki:

"Fundi mpendwa, naomba unisamehe. Viatu vyako ndivyo vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvaa. Hiki cha kushoto soli iliachia mlimani, ikapotea, na kosa ni la uzito wangu. Miguu yangu ilikuwa ndani ya shuka, wenzangu hawakukiona, nami sikuwaambia, nisije nikalichafua jina lako. Kama unaweza kukitia soli nyingine nitashukuru. Kama huwezi usijali, kwa sababu sidhani kama tutapanda tena. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, usinicheke mwandiko."

Mteja mwenye povu akasema, "Huyo mama ana adabu." Wa foleni akasema, "Fundi, una bahati ya wateja." Kinyozi akanikunjia karatasi vizuri akanitia mfukoni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie, na kibanda kinifuate juu.

Sasa sikiliza. Kiatu kile hakikushonwa. Cha kulia nilikishona, cha kushoto nilikipaka gundi tu. Halafu nikachukua kile kigurudumu chenye meno, kile cha kutilia alama za mshono, nikakizungusha ukingoni mwa soli yote, nikapaka rangi nyeusi juu. Ukikitazama kiatu mezani, utaapa kimeshonwa. Ni mshono wa kutazama. Gundi peke yake ikinyeshewa, ikianikwa, ikilowa tena, inaachia. Hilo analijua hata mtu aliyejifunza ushonaji jana.

Kwa nini? Uvivu. Kinyozi alikuwa ametandika drafti, kete zangu zilikuwa zinashinda, nikaona kiatu kimoja nani atakijua. Basi. Nilivaa miwani ya mbao nikakupa gunia.

Na ule utani wangu kuhusu mwili wake, ufute. Uchane kabisa. Mimi niliyemwangusha ndiye niliyemcheka.

Ndani ya barua hii kuna karatasi nyingine, nimewaandikia wenzako wote, inasema haya haya. Wasomee. Halafu uchukue filimbi yako.

Mjomba wako, kama bado

*

8 Juni

Shikamoo Mjomba,

Watoto hawajambo. Ofisini wamekubali kwamba mbwa yupo.

Kinyozi, kama unaisoma barua hii kwa sauti, na najua unaisoma, toa wateja nje kwanza. Tafadhali, Mzee wangu. Nasubiri.

Mjomba, nilijua tangu siku ile. Saba ilipokosa kuitika nilirudi kwa kupapasa, na kabla ya kumfikia Mama Duka mkono wangu uliigusa soli, imelala kwenye mawe, uso juu. Nikapitisha kidole gumba ukingoni. Vishimo vipo, uzi hamna. Hukuwa na haja ya kunieleza kigurudumu. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unakipitisha kwenye maboksi ya viatu kunifurahisha, mstari wa vinukta, ukaniambia, "Hii ni njia ya mchwa." Nikakaa kwenye ukungu, Mama Duka analia hatua tano mbele yangu, na mimi nimeshika njia ya mchwa. Nikaiingiza kwenye mkoba. Ndipo nikaenda kwake.

Hatua tano, Mjomba. Nilificha kwanza, nikamsaidia baadaye. Hilo sijamwambia mtu.

Ningependa kusema nilificha kwa sababu nakupenda. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimejitapa. Wawili walitaka kupeleka viatu vyao kwa fundi wa sokoni hapa, nikawaambia wanaleta dharau, mjomba wangu hana mfano. Nikaona bora nilaumiwe kwa njia kuliko kwa njia na kwa mjomba. Halafu nikakaa kimya Mama Duka akijilaumu kwa mwili wake. Miezi mitatu anajilaumu. Amepunguza kula. Akija kwenye kaunta yake mwenyewe anapita ubavu, kama anaomba njia.

Nimekasirika nawe, na nikimaliza kukukasirikia naanza upya kwangu.

Karatasi yako sitawasomea. Hilo ni kosa lako na haya ni maneno yako. Jumamosi tarehe 28 tunakutana pale pale dukani, saa nne asubuhi, na mimi nitasema langu la mkobani. Panda basi, njoo usimame, usome mwenyewe kwa mdomo wako.

Na jambo moja. Hiyo drafti siiamini. Nimekaa kibandani kwako utoto wangu wote. Uliwahi kumwacha mama yangu, dada yako wa tumbo moja, na chakula kinapoa mpaka kikaota ukungu, kwa sababu ya kisigino kimoja cha mtu usiyemjua. Hujawahi kuacha kiatu kwa ajili ya kete. Unanificha kitu, na Kinyozi anakisoma kwa niaba yako. Kwa nini Kinyozi ndiye anayekusomea barua zangu?

Soli nimeifunga humu ndani. Ni yako.

Mpwa wako

*

17 Juni

Mwanangu,

Kinyozi aliwatoa wateja. Mmoja ametoka kichwa nusu kimenyolewa, anazunguka mtaani hivyo hivyo mpaka sasa, labda amekuwa mtindo. Akafunga mlango. Akasoma mpaka mwisho kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua anayo, na alipofika kwenye swali lako la mwisho hakulisoma. Nikamwambia, "Soma." Akasema, "Anauliza kwa nini mimi." Nikamwambia, "Basi?" Akasema, "Basi mjibu, mzee. Mimi nimechoka kuwa kipofu kwa niaba yako."

Zile nyingine Kinyozi alikuwa ananiandikia katikati ya wateja, mimi nikisema; hii naiandika peke yangu, kwa ile kalamu nene ya kuandikia namba kwenye soli. Ndiyo maana mstari mmoja una maneno manne. Usiwaonyeshe watoto, watadhani ni tangazo la mnada.

Hakukuwa na drafti. Ule ukungu mlioukuta mlimani, mimi ninao tangu mwaka jana, ila wangu haupandi wala haushuki. Mtu akisimama mlangoni namjua kwa viatu vyake vinavyolia. Ngozi naikata kwa vidole. Kushona nashona, mikono inajua njia. Kitu kimoja tu kimenishinda: kutia uzi kwenye tundu la sindano. Mke wa Kinyozi ndiye aliyekuwa ananitilia. Kila Ijumaa napita kwake na sindano ishirini, namwambia nimechoka mikono, ananitilia huku akinisimulia mambo ya watu. Ile wiki ya gunia lenu alikwenda kumuuguza mamaye. Nikashona kwa sindano nilizokuwa nazo, zikaisha moja moja. Ya mwisho iliishia kwenye kiatu cha kulia cha Mama Duka.

Nikakaa na uzi na sindano tupu tangu saa kumi na moja alfajiri. Nililamba uzi mpaka ulimi ukawa nta tupu. Niliupeleka uzi tunduni, labda mara mia. Nikasimama mlangoni kwenye mwanga, nikageuka, nikafumba jicho hili, nikafumba lile. Kinyozi alikuwa amefungua, hatua tatu kutoka kwangu, anapiga mluzi anafagia nywele za jana. Ningesema neno moja tu. "Njoo." Sikulisema. Nilifikiri, fundi asiyeona tundu la sindano ni nani? Ni mzee aliyekalia viatu vya watu. Honi ikalia, nikachukua kigurudumu.

Kwa hiyo mkono wa Mama Duka umevunjika mahali pawili kwa sababu mimi nilishindwa kusema "Njoo" kwa mtu niliyekula naye chumvi miaka kumi na tisa. Nilipokwambia ni uvivu, nilikuwa bado nachagua aibu iliyo nafuu. Mvivu ni fundi bado. Asiyeona si fundi.

Kinyozi anasema alijua tangu mwaka jana. Mke wake alijua. Mama yako mdogo alijua, ndiyo sababu amekuwa akiniwekea kikombe cha chai mkononi badala ya mezani, na mimi nilidhani amekuwa mpole kwa sababu ya jino. Mtaa mzima umekuwa ukinistahi, na mimi najiona mjanja. Halafu, jino limetoka. Lilitoka lenyewe ndani ya mkate. Amekasirika, anasema alitaka kulitoa yeye.

Nitakuja. Tarehe 28 nitakuwa kwenye basi la asubuhi, Kinyozi ananipandisha na dereva ananishusha. Karatasi ile ichane, kusoma mbele ya watu siwezi, sasa unajua. Nitasema kwa mdomo. Nitamtafuta Mama Duka kwa sauti yake, nimwambie soli haikutoka kwa uzito wake. Hata angekuwa mwembamba kama ufito ingetoka. Nataka alisikie hilo kabla sijasema salamu, ili apite kwenye kaunta yake kifua mbele. Halafu aseme lolote analotaka, na Muuguzi aseme, na huyo mshona nguo na mumewe. Nitakaa juu ya gunia nisikilize, na sitafanya mzaha. Nikianza mzaha, nikanyage mguu.

Yako ya mkobani useme mwenyewe, mimi sitakutangulia wala sitakutetea. Ila nitakuwa nimekaa karibu.

Akishamaliza Muuguzi kunigombeza, nina la kumuuliza: nimeambiwa kuna hospitali wanakoufuta ukungu wa macho wa namna hii. Na aniangalie. Akicheka nitavumilia.

Kiatu cha kushoto nakuja nacho, na soli yake. Sitaki kukishonea huku nikakileta kimekwisha, nani ataniamini? Nitakishona pale pale mbele yao, waushike uzi wenyewe, wauvute.

Na hapo ndipo nina neno nawe. Ulipokuwa na miaka saba ulitaka viatu vyekundu, mama yako akasema hana. Nikakushonea. Ukaniuliza utanilipa nini, nikakwambia utanitilia uzi kwenye sindano kila Jumamosi mpaka nife. Ukanipa mkono, mbele ya mama yako, ukiwa na kamasi. Ukatia miaka mitano, halafu ukaenda shule ya bweni, ukakua, ukapata mita zako. Sikukudai. Nilijitia hamnazo.

Lakini makubaliano yalikuwa mpaka nife, na sijafa. Nitakuja na sindano sita na uzi wa nta mfuko wa shati, upande wa kushoto. Kabla hatujaingia ndani kwa wenzako, simama nami kidogo hapo barazani penye mwanga, unitilie.

Mjomba wako